Namba Arobaini na Saba

Mkataba aliutia saini mama yake,
maana Oliwier Pyka, miaka kumi na sita na miezi minne,
sheria ilikuwa haijamwona bado.
Mama alitoka moja kwa moja dukani, unga wa mkate ungali kiwikoni,
akasoma kila ukurasa, hata ule wa bima ya magoti,
akauliza: "Na shule?"
Mkurugenzi akasema shule ipo.
Ipo, kama mwezi ulivyopo mchana.

Mimi nilikuwa mlangoni nikijifunga plasta vidoleni.
Kipa wa akiba, miaka thelathini na saba.
Msimu mzima nimegusa mpira wa mechi mara moja,
nao nilikuwa nauokota ulipotoka nje.

Wakampa jezi namba arobaini na saba.
Tisa ina mwenyewe, kumi ina mwenyewe,
hata thelathini na tatu ina mwenyewe, aliyevunjika mguu.
Wakampa na mimi:
chumba kimoja hotelini,
na kwa kuwa hana leseni, kiti cha mbele cha gari langu.
Minara ya migodi iliyofungwa ikitupita dirishani,
yeye anafanya hesabu juu ya magoti yale yenye bima:
mfukoni mna mipira saba myeupe na mitatu myekundu...
"Radek, wewe ulifaulu hesabu?"
Ningefaulu, mdogo wangu, ningekuwa hapa?

Novemba. Mvua imechanganyika na theluji.
Dakika ya themanini na tatu kocha Hanusik akanyoosha kidole benchi;
nusu sekunde nikajidanganya.
Akaingia mtoto. Jezi imemvaa, si yeye kuivaa.
Kona. Vurugu. Mpira ukamgonga gotini
ukaingia ukijikokota, kama mchelewaji darasani.
Wazee waliochimba makaa wakakumbatiana,
wakapiga kelele kwa mapafu waliyobakiza.
Jumatatu gazeti likaandika: nyota.
Nyota mwenyewe nilimwona, saa tano usiku,
akimtumia mama yake picha ya goti.

Kisha ukame.
Mechi ya pili, ya tano, ya tisa.
Mwamba. Nje. Kipa. Nje.
Mabeki wenye ndevu wakamkanyaga vidole refa akigeuka,
na wale wale wazee wakaanza:
"Rudi shule! Rudi shule!"
Kesho yake, saa mbili asubuhi, kweli alikuwa shule.
Mtihani wa kemia.

Usiku mmoja, katika mji nisioukumbuka, taa imezimwa:
"Radek. Umelala?"
"Bado."
"Lile bao. Mimi sikuupiga mpira. Mpira ulinipiga mimi."
Nilikuwa na methali za kumpa, za subira na mbivu zake.
Nilipewa zote nikiwa na umri wake.
Nikasema: "Ulikuwepo ulipopita."
Kitanda chake kikalia kidogo, kisha kikaacha.

Desemba tulibaki uwanjani wenzetu wakioga.
Mipira ishirini. Nilikataa kumhurumia:
kumi na tisa niliipangua, bega likinilaani.
Wa ishirini sikuuona. Niliusikia nyuma yangu,
wavu ukivuta pumzi.
Hakushangilia. Tukakusanya koni.

Januari wakamkopesha. Neno ndilo hilo, kukopesha,
kama ngazi, kama toroli,
kwa timu ya daraja la tatu, kaskazini, miezi sita.
Mama akatia saini tena.

Leo, chini ya kiti cha mbele, nimekuta daftari lake.
Swali la sita halina jibu:
ukitoa mipira miwili bila kutazama,
kuna uwezekano gani yote iwe myekundu?
Nimeegesha kando ya barabara, wipa zikienda.
Tatu kwa kumi. Halafu mbili kwa tisa.
Nimepata moja kwa kumi na tano.
Nimerudia mara tatu, inakuja ile ile,
wala sijui kama ni sahihi.
Nimempigia kumuuliza. Simu imezimwa.
Saa hizi wako mazoezini.