Miwani Sita

Miwani ni sita, sisi ni hamsini na wanane.
Daktari Odongkara anaita kwa orodha,
dakika kumi kila mtu,
na asiye na zamu anakumbatia daftari
akitazama wenzake wakipapasa upepo.

Ukiwa nje ya miwani, ni kichekesho:
Lamwaka kapiga magoti mbele ya hewa tupu,
anachungulia chini ya kitu tusichokiona,
kisha anasema, polepole,
kama aliyemkuta mgeni mlangoni,
"Kumbe vali ina nyuzi."

Zamu yangu.
Chumba hakikuondoka. Hilo ndilo lililonishtua.
Sinki lile lile la kutu, dirisha lile lile,
mvua ya Gulu ikipiga bati,
na juu ya meza ya saruji
tuliyozoea kuinamia tumeziba pua,
moyo.
Mkubwa kama furushi la pamba,
unadunda, haudondoshi hata tone.

Nikauzungusha kwa vidole viwili.
Nikaupasua bila kisu.
Nikaingiza kichwa chemba ya kushoto
na damu ikanipita masikioni bila kunilowesha,
ikapanda, ikakunja kona ya aota,
ikaenda zake.
Miezi mitatu nilikariri njia hiyo kama tenzi ya mtoto.
Leo nimeipita.

Mwaka jana tulikuwa na Kumi na Nne.
Mwili mmoja, darasa zima;
ukichelewa unakuta mishipa imeshakatwa,
unachora ulichosimuliwa.
Fomalini ilitufuata bwenini,
ikakaa kwenye malakwang ya jioni,
ikakaa kwenye shuka.

Kumi na Nne alikuwa na kovu begani
na ukucha mweusi wa dole gumba,
wa mtu aliyejipiga jembe, siku moja,
akatukana, akaendelea kulima.
Moyo wake ulikuwa mzito, umelala upande,
mafuta ya njano yameuzunguka,
haukufanana na ukurasa wowote.
Ojara alisema, "Huyu alipenda nguruwe."
Tukacheka.
Kisha kila mtu akatafuta pa kuweka macho.

Huu wa nuru haumtii mtu haya.
Ukikosea, unajifunga tena
kama vile hujaugusa.
Nilikosea mara nne. Nilifurahi, nakiri.

Ndipo akaingia Aryemo,
mtunza matangi, ndoo mkononi, gambuti za mpira,
yeye anayewaosha, anayewageuza,
anayewaamkia asubuhi kwa namba zao.
Tukamvika miwani juu ya kitambaa cha kichwa.
Akasimama kimya. Hakunyoosha mkono.
"Huyu ni nani?"

"Si mtu, mama," akasema daktari. "Ni picha."

"Picha ya nani?"

Kwa sababu mahali fulani, ni kweli,
mtu alilala ndani ya mashine, akapigwa picha kipande kwa kipande,
na kifua chake sasa kinafunguliwa
Gulu, na kwingine, na kwingine,
mara elfu kwa siku,
na sisi tunakijua kuliko mkewe alivyokijua
wala hatujui kama alikuwa na mke.

Daktari akafungua mdomo.
Umeme ukakatika.
Moyo ukaganda nusu ya pigo, ukafutika,
ikabaki saruji, na mvua,
na Aryemo akitazama palepale
kwa miwani iliyokufa.

Novemba tulimzika Kumi na Nne.
Kila mwaka huwa hivyo: mchungaji, shehe,
makoti meupe kwenye matope mekundu.
Aryemo ndiye huandika ubao wa kaburi kwa rangi ya mafuta.
14, aliandika. Chini yake 15, yule mama wa wodi ya pili.
Chini ya hapo akapiga mstari,
akauacha mtupu.

Hakuna aliyeuliza.
Ojara, yule yule wa nguruwe,
alikaa nyuma wengine walipopanda basi la chuo.
Nilimwona dirishani
amechuchumaa kwenye matope,
anaufuta ule mstari kwa mkono wa koti lake,
mvua isiufiche.