Kona Zina Majina

Tulipoachana, Mkwanda alichukua bati ishirini na nne,
mimi nikachukua baiskeli.
Rutamba nzima ilicheka: nyumba bila bati ni nyumba gani?
Nyasi zipo, nikasema. Miguu ya chuma haioti porini.

Huu mwaka wa saba.
Kila Alhamisi naamka kabla ya adhana,
nabonyeza tairi kwa kidole gumba kama anayechagua papai,
nafunga tenga la pelege kwenye karia kwa mpira wa tyubu,
naliacha ziwa limejifunika ukungu hadi kidevuni
kama mgonjwa asiyetaka kuulizwa hali.

Kwanza mchanga. Mchanga haukanyagwi, unabembelezwa.
Kisha mikorosho ya kina Nanguka,
kisha msitu wa Litipo, njia inabana
hadi mipini inagusa matawi huku na huku,
na mizizi imetandawaa njiani
kama kamba za mtu aliyeacha kufunga mzigo akaenda zake.
Hapo sikai kitini. Nasimama kwenye pedeli,
magoti yalegee, viwiko vilegee,
ulimi ukae mbali na meno.

Halafu Rondo.
Rondo haupandwi kwa baiskeli. Unaisukuma.
Asikudanganye mtu.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa Lindi mjini, Faraji Mtauka,
baiskeli yenye gia ishirini na moja na springi mbele,
kofia ngumu kichwani kama gamba la kobe.
Nachora njia, mama, akasema, wageni waje waendeshe kwa starehe.
Kwa starehe!
Nilivitazama vigimbi vyake.
Nifuate, nikamwambia.

Mlimani alinipita, gia zikilia kama panzi.
Nikamkuta juu, chini ya mvule, anahema, chupa tupu.
Nikampa kipande cha muhogo na maji yangu yenye harufu ya samaki.
Akanywa. Hapo nikaanza kumpenda kidogo.

Lakini watu hujuana kwenye mteremko.
Breki yangu ya mbele ilikufa enzi za Mkwanda;
nafunga kwa kandambili, soli juu ya tairi la nyuma,
harufu ya mpira unaoungua ikinifuata kama deni.
Yeye breki zake ni za mafuta,
ila nani angemwambia kwamba baada ya jiwe jeupe
mvua za Machi zimechimba mfereji?
Alipaa.
Akatua kwenye mianzi, mzima, anacheka peke yake.

Hapa panaitwaje? Damu gotini, simu mkononi.
Hapa ni Chumvi, nikasema.
Mama alianguka hapa na mfuko wa chumvi, mimi nikiwa tumboni.
Akaizoa yote, na mchanga wake;
msimu mzima kwetu mboga ililia menoni.
Na kule nyuma?
Kata Deni. Mwalimu Chilumba alitupwa pale
na baiskeli ambayo hajamaliza kuilipa hadi leo.
Na pale mbele, penye upepo?
Pale hapana jina.

Nilimdanganya.
Pale miti inaachana ghafla
na ziwa lote linakuja usoni, na vilima vyake, na moshi wa majiko ya watu.
Pale, mwaka ule bati zilipoondoka,
niliinua mguu kwenye tairi
nikaiacha baiskeli iende inavyojua,
tenga tupu likipiga ngoma nyuma yangu,
nikapiga ukelele
hata kima wakanyamaza kunisikiliza.

Ramani yake imepita hapo kwa mstari tu,
mwembamba, wa bluu, hauna habari.

Juzi wamekuja wageni wanne.
Nilikuwa ukingoni, kisu mkononi, magamba hadi kiwikoni.
Niliusikia msitu ukiwatema mmoja baada ya mwingine,
na kila mmoja, alipofika pale pasipo jina,
akapiga ukelele.

Nikahesabu. Wanne.
Nikaendelea kupara samaki.