Kitabu cha Risiti

Kitabu ninacho bado. Jalada limelowa girisi,
kaboni imefifia kama mishipa ya mkono wa bibi.
Mbele: plagi nne, gasketi moja, ufundi shilingi mia mbili.
Nyuma: sisi.

Ilianza na Pijo ya Mmarekani mmoja wa Njoro,
mtaalamu wa ngano, mrefu, mwenye madoadoa,
aliyeleta gari linakohoa akasahau kaseti ndani ya redio.
Haikuwa na jina. Mtu alikuwa ameikwangua karatasi yake kwa ukucha
zikabaki herufi mbili na nusu.
Ondiek alipowasha apime waya
gereji nzima iliacha kugonga.

Hatukujua kama ni muziki au ni beringi imekufa.
Magitaa mawili, ngoma moja, na kijana analia
kama aliyefungiwa stoo na mama wa kambo.
"Hawa nao wako gereji," Nyaberi akasema.
"Sikiliza mwangwi. Hayo ni mabati."
Na kweli yalikuwa mabati.
Huko mbali, watoto wa watu, chini ya mabati,
hawana mwalimu, hawana haya.

Tuliicheza mpaka redio ikautafuna utepe,
tukaukunja upya kwa kalamu, tukaucheza tena.

Nyaberi akachonga gitaa kwenye ubao wa kitanda chake
akalitia nyaya za klachi, akalala chini miezi miwili.
Chelule alipanga rimu, ndogo mpaka ya lori,
akazipiga kwa spana namba kumi na saba.
Gathirwa alichomoa spika kwenye milango ya wateja usiku
na kuzirudisha kabla ya chai.
Mimi karani nilikuwa na sauti ya kuita wadaiwa.
Hiyo hiyo tukaitumia.

Tukajiita Moshi Mweusi,
ugonjwa pekee ambao Nyaberi hakuwahi kuuponya.

Bondeni, baa yenye meza tano: watu saba, wawili wamelala.
Wimbo wa pili mwenye baa akakata stima.
Chelule hakusimama. Rimu hazili stima.
Tulilipwa kreti moja ya soda, chupa mbili zikiwa tupu.
Chifu naye akaja kutafuta leseni ya mkutano.
Tukamwambia si mkutano, mzee, ni matengenezo.
Akasikiliza kidogo. Akasema mtengeneze basi.

Tulirekodi mara moja. Jumapili, kiwanda cha unga kimenyamaza,
harufu ya pareto imeingia mpaka kooni.
Kaseti tupu ilikuwa bei ya mkate na maziwa,
kwa hiyo tukawafuta wale wa Marekani.
Hawakufutika vizuri.
Kati ya wimbo na wimbo, ukisogeza sikio,
wako kule chini, wanapiga,
kama wapangaji waliokataa kuhama.

Tisini na mbili barabara ya Molo ilishusha malori:
magodoro, mabati yaliyoungua pembe, kuku wamefungwa miguu.
Mama yake Gathirwa alikuwa juu ya moja, ameshika sufuria.
Jumatatu Chelule alifika getini, akasimama.
Hakuna aliyemfukuza.
Hakuna aliyemwambia ingia.
Hilo la pili sijawahi kuliandika popote.

Ondiek alienda Kisumu kuuza betri. Nyaberi ana mgongo.
Gathirwa ana kaseti, ama alikuwa nayo; tukikutana
tunaongea bei ya tairi.

Siku hizi mjukuu wangu ananiuliza kama bendi ilikuwa maarufu.
Nikamwambia kuna Mmarekani mmoja hajui alichotuachia,
na kuna vijana, wazee sasa kama wako hai,
hawajui kuwa Nakuru kulikuwa na watu waliowakanyaga
wakaendelea kuwasikia.

Risiti ya mwisho ni namba mia nne na kumi na nane.
Mwandiko ni wangu. Rimu sita, mali ya Chelule, zimehifadhiwa.
Upande wa nyuma hauna kitu.
Nilipofunga gereji niliuza kila chuma kwa kilo,
isipokuwa hizo sita. Ziko nyuma ya nyumba.
Mvua ikinyesha, ile ya lori huanza.