Herufi Tatu

Diski ilianza kugonga saa nne usiku,
kama mtu anayetafuna barafu chumba cha pili.
Nje, Talgar ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri
na bomba la maji ya moto limekufa tangu Jumanne.
Nilivaa koti la marehemu Orynbasar
lililobaki msumarini, mbegu zingali mfukoni.

Sikuogopa. Niseme ukweli, nilijivuna.
Miaka mitatu, kila usiku saa nane,
amri yangu huamka yenyewe:
chota majedwali, yafunge, yapeleke diski ya nje.
Niliiandika mchana mmoja chai ikipoa,
kistari, herufi t, jina la jedwali,
kistari, herufi t, jina la jedwali,
mara tatu. Mishahara. Mvua. Matufaha.
Kisha nikaenda zangu kumsuka binti yangu.

Nikafungua faili la jana, nijifariji.
Mishahara ipo, hata ya mlinzi aliyefukuzwa.
Mvua ipo, tone kwa tone, toka mwaka sitini na moja.
Nikateremka. Nikafika mwisho.
Nikapanda tena, polepole,
kama aliyedondosha ufunguo njiani.

Kikazaki huliita tufaha alma.
Jedwali linaitwa almalar, matufaha,
kwa kuwa Lyudmila Fyodorovna, aliyelijenga,
alisema bustani ya tufaha moja si bustani.
Mimi niliandika alma.
Na chombo kile, ukikiagiza vitatu na kimoja hakipo,
hukuletea viwili na kunyamaza.
Hakigombi. Hakiulizi.
Debe tupu huvuma, mtu akasikia;
langu lilikuwa na mvua ndani, nusu,
ya kutosha lisitoe sauti.
Usiku elfu moja na zaidi
niliatamia kiota kisicho na yai.

Diski ikagonga.
Vidole vilikufa ganzi, nikavipasha kwapani.
Nikaandika kama mtoto wa darasa la kwanza,
a, l, m, a,
l, a, r,
nikasoma kwa sauti, nikabonyeza.

Kishale kikakaa kinapepesa.
Diski ikanyamaza, ikagonga, ikanyamaza.
Ndani ya ukimya ule ilikuwamo miti elfu nne:
ule wa korongo la pili ambao dubu huuvunja matawi,
ule ulioungua kwa baridi ya themanini na nne
ukachipua ubavuni,
na ile ambayo korongo lake sasa ni nyumba za matajiri,
haipo tena duniani ila humo,
mstari mmoja mmoja:
urefu, ganda, siku ya ua la kwanza.

Saa tisa kasorobo amri ikarudi. Haikusema hongera.
Zana hizi zikifaulu hazisemi kitu,
na zikishindwa, wakati mwingine vilevile;
hilo tu ndilo ninalokuachia, wewe utakayekalia kiti hiki.

Kwa hiyo sikuiamini. Nikaunda hifadhidata tupu
kwenye kompyuta ya mhasibu, nikaimimina nakala humo,
nikahesabu. Mistari elfu arobaini na moja, mia nane na sita.
Nikachomoa mmoja bila kuchagua. Mti wa 2117.
Pale penye ladha palitakiwa namba, moja hadi tano.
Orynbasar hakuweka namba.
Ameandika: Chachu mwanzoni. Subiri.

Nikasubiri, mikono ndani ya mifuko yake,
nikizigeuza mbegu ambazo sijui ni za mti upi.

Yerkebulan alifika saa mbili asubuhi
na diski mpya chini ya kwapa, na mkate.
Akauliza nimefanya nini usiku kucha.
Nimeongeza herufi tatu, nikamwambia.
Akacheka, akatafuta kisu cha mkate.
Diski ya zamani haikugonga tena.