Mtego wa Nane

Mitego saba ya kwanza ilitoa maji,
kaa wachanga wa kurudishwa, na kiatu cha mtoto.
Tegwen aliuvuta wa nane akitukana
kwa Kiwelisi, lugha inayofaa kutukania mashine:
winchi inakohoa tangu Agosti.

Mtego ukapanda. Ndani, badala ya kamba-koche,
mabaki ya kamba-koche: gando moja, sharubu,
gamba la mgongo lililopasuliwa kama njugu.
Na mla karamu bado yumo mezani,
bapa, sahani iliyosimamishwa kwa ubavu,
rangi ya wingu la huko huko,
mdomo mdogo, na meno. Meno kabisa,
kama ya Bwana Prydderch wa ofisi ya kodi.

Akakoroma.
Tegwen akamtazama Macsen, mpwa wake.
Macsen akasema: Si mimi.

Alipomvuta, hakuja. Mwiba wa mgongoni
ulisimama wima, ukajikaza kwenye wavu kama komeo.
Akavuta tena, glavu ikatoboka.
Macsen alishachomoa kisu. Ngoja, akaambiwa,
na kidole gumba kikapapasa, kisijue kinatafuta nini,
kikabonyeza mwiba mdogo, ule wa nyuma,
mkubwa ukalala.
Kufuli, na ufunguo wake ubavuni.
Nani aliyemwonyesha? Hakuna.
Mkono wa miaka ishirini na sita baharini
una mambo yake haumwambii mwenyewe.

Gatini walikuja wote wasio na kazi, na wenye kazi.
Emlyn alisema ni wa kufugwa, katoroka tangi la tajiri.
Dilys wa duka la chipsi alimgusa ngozi,
akasema hii si nyama, hii ni viatu.
Mnunuzi alipitisha kidole kwenye orodha yake,
vibua, papa wadogo, kaa, akafika mwisho,
akaigeuza karatasi: nyuma nyeupe.
Samaki asiye na bei alizunguka ndoo ya bluu
akigonga plastiki kwa meno, ko, ko,
kama anayedai afunguliwe na mwenye nyumba.

Jina hawakuwa nalo.
Lugha hii ninayoandikia inalo, kikande,
linatamkwa sokoni bila kuinua kichwa;
lakini nani pale angeiuliza?

Simu ilipigwa mjini. Sauti ya kijana
ikataka urefu, kina, joto la maji.
Kumi na saba na nusu, akasema Tegwen,
kisha akalisikia alilolisema.
Upande wa pili kalamu ilisimama kidogo,
ikaendelea.

Jioni akambeba hadi mwisho wa gati.
Ameshakula pauni thelathini, mdeni huyu.
Macsen akauliza: Unamwachia hivi hivi?
Akainamisha ndoo.
Hakushukuru, hakugeuka. Alizama ubavu ubavu
kama sarafu inayoshuka bila haraka.

Nyumbani akafungua daftari la baba yake,
miaka arobaini ya safu zilizopigwa kwa rula,
kila safu na jina lake juu, kwa wino uliopauka.
Hakuona pa kumweka.
Pembezoni akachora sahani yenye meno,
mwiba mmoja mkubwa, mmoja mdogo,
akaandika: mmoja.
Akainusa mikono yake. Sabuni haikuwa imeshinda.

Mgeni siku mbili, twasema sisi,
ya tatu mpe jembe.
Sijui wao husemaje.

Jumanne iliyofuata, mvua ya mshazari,
winchi bado inakohoa.
Mtego wa tatu ukafika juu ukikoroma
kwa sauti mbili.