Upindo Mwekundu

Singa ziwe za farasi dume, alisema baba,
na ziwe nyeupe. Jike huukojolea mgwisho wake,
na singa iliyoonja mkojo hukatika
siku ileile unayoihitaji.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilicheka
mpaka nikapaliwa na maziwa.

Leo nazisokota vilevile, juu ya paja:
kumi na sita kwenye shina la mshipi,
kisha kumi na mbili, nane, nne,
hadi mbili tu nchani,
mbili, ambazo mto hauzioni.

Gaudenzio, kaka yangu, hatazami.
Tulipomzika baba, Februari,
ardhi ngumu hata sururu ikalia,
aliupandisha ufito wa marehemu darini, akaapa
mbele ya mchimba kaburi na shangazi Onorina:
mto huu, mimi na wao basi.
Akaenda kiwandani Varallo, kutengeneza mabomba.
Hurudi usiku. Hula. Husema mgongo unamuuma.

Majira yale ya baridi nilifunga nzi wa bandia,
taa ikiwa karibu na pua:
nyoya la shingo la kwale,
na hariri nyekundu niliyoifumua, Mungu anisamehe,
kwenye upindo wa vazi la sikukuu la mama.
Hariri ile haiuzwi tena popote.
Nzi kumi na mmoja. Nikawaweka kwenye kopo la peremende.
Kufika Pasaka walikuwa tisa.
Nikamfukuza paka kwa ufagio.

*

Juni. Theluji ya juu imelegea,
Sesia ina rangi ya chupa kuukuu,
na baridi yake huingia mifupani bila hodi.
Nimeuteremsha ufito mwenyewe.
Sina gurudumu la kukunjia mshipi,
sina suruali za mpira kama wageni wa hotelini.
Nina mwanzi mrefu kuliko mlango wa kanisa
na nzi watatu wanaofuatana kama watawa.

Rusha. Si kwa bega, kwa kifundo cha mkono,
kama unayekung'uta maji kwenye majani ya saladi.
Nzi watue kwanza, mshipi baadaye,
au usitue kabisa.
Nyuma ya jiwe kubwa maji husita,
hujizungusha, hufikiri. Hapo.

Hapo, mara ya kwanza, hakuna.
Mara ya nane, hakuna; vidole vimekufa ganzi.
Mara ambayo sikuihesabu
mto ukanishika mkono.

Sitasema alikuwa mkubwa.
Aliyekuwa mkubwa ni moyo wangu, ulijaa mpaka shingoni.
Akashuka na mkondo, nami nikashuka naye,
nikijikwaa, nikimsihi kwa jina la mtakatifu
ambaye sijamwashia mshumaa miaka mingi.
Singa mbili zikaimba. Hazikukatika.
(Dume, baba. Dume kweli.)

Nikamlaza kwenye kiganja kilicholowa:
mgongo wa zeituni, madoa mekundu,
kila doa na kiduara chake cheupe.
Na kwenye taya, pembeni mwa ndoana yangu,
ndoana nyingine.
Nyoya la kwale, limechakaa.
Hariri nyekundu.

Nikasimama majini muda mrefu,
nikishika samaki mmoja na watu wawili.

Nikazitoa zote mbili. Akatulia kidogo,
akipumua mkononi mwangu kana kwamba ananidai neno,
kisha akawa maji.

*

Usiku. Polenta, jibini, kaka.
Buti zake ziko nyuma ya jiko, zimejazwa magazeti,
na kiwandani, nijuavyo, hakuna mvua.
"Mgongo?"
"Unauma."
"Maji ya nyuma ya jiwe kubwa," nasema, "bado ni baridi."
Kijiko chake kinasimama hewani.
Kisha kinaendelea.

Nimefungua kopo, nimehesabu: kumi.
Wa kumi na moja yuko mtoni bado,
au yuko mfukoni mwa mtu.
Paka nimempa ganda lote la jibini.