Gramu Kumi na Moja

Wavu tumeutandika saa kumi na moja alfajiri
kati ya mafunjo yaliyobaki na mpunga wa Doho.
Higenyi ameuma tochi kwa meno.
Mimi nashika daftari; kurasa zimelowa umande.

Wa kwanza: dume au jike, hatujui.
Nyusi nyeupe, mgongo wa majani makavu,
moyo unakimbia kidoleni mwangu kama cherehani.
Tunamtia kichwa chini ndani ya kopo la dawa, tunampima:
gramu kumi na moja.
Barua ya posta ni nzito kuliko yeye.
Na mguuni, pete. Na kwenye pete, Riga.

"Riga," anasema Higenyi,
kama mtu aliyeonja mchuzi wa jirani.

Kila Juni hutufikia ripoti ya Ulaya.
Nchi zimepangwa kama wanafunzi mstarini,
kila moja na idadi yake, kila moja na mshale:
hapa mshale umelala, pale umeinama,
pale unatazama chini kama kijana aliyefeli.
*Jozi elfu ishirini hadi elfu hamsini*, wameandika.
Hadi! Nilicheka peke yangu.
Kumbe hata wao hukisia,
kama mama akipima mchele kwa jicho.

Huamka kabla ya jua, wakasimama vichakani, wakasikiliza.
Kila dume aimbaye
wanamwandikia mke.

Huku kwetu haimbi.
Anakula, ananenepa, ananyamaza, Oktoba hadi Aprili,
isipokuwa wiki ile ya mwisho ya Machi
hujaribu koo kidogo,
kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.
Ndiyo maana hatumo kwenye jedwali?
Zimo nchi arobaini na kitu, hata zile ndogo
ambazo ndege akikohoa amevuka mpaka.
Sisi tumo katika tanbihi: *na kwingineko, kusini.*

Na chini kabisa: *sababu za kupungua hazijulikani vyema.*

Mimi najua moja.
Nilikuwa na miaka tisa. Shamba la baba mdogo,
ekari moja na nusu iliyomegwa kutoka kinamasi,
nami juu ya kichuguu na bati la mafuta ya kupikia, na kombeo,
toka jua litoke mpaka lichoke.
Kwelea, chiriku, chochote chenye bawa nilikiita mwizi.
Na huyu, mla mbu, asiyegusa hata punje,
nilimtupia udongo pamoja na wenzake.
Nani angemwomba kitambulisho?

Shilingi mia mbili kwa siku.
Ndizo zilizonunua daftari langu la kwanza.
Mafunjo yalilipa ada,
na ada ndiyo iliyonifundisha kusoma mshale unaoshuka.
Nikirudisha kidole kwenye mchoro mpaka mwaka ule,
mstari unachuchumaa pale pale.

Labda ni ukame wa Saheli.
Labda ni dawa za mashamba yao.
Higenyi anasema nisijipe ukubwa,
kombeo la mtoto halifiki Riga.

Tunamwachia. Haagi.
Ng'ambo ya mfereji, Logose, binti wa dada yangu,
ameshapanda kichuguu. Ana bati.
Siku hizi ni elfu mbili, na ada ya muhula
bado nusu.
Nilitaka kumwambia asubiri saa moja tu.
Nikainua mkono. Akadhani namsalimu,
akanipungia kwa kijiti.

Naandika: tisa wamenaswa, mmoja ana pete.
Bati linalia.
Wa kumi, sijui kama alikuwepo.